Kamusi ya Mto Nithi

Wakenya wengi wanalijua jina Nithi kwa ubaya wake. Daraja la Nithi, kwenye barabara kuu ya Meru kwenda Nairobi, liko mwisho wa mteremko wenye kona, na ajali za pale zimeua watu wengi kiasi kwamba jina hilo likitajwa redioni msikilizaji huongeza sauti akingoja idadi ya waliofariki. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kuwa daraja, Nithi ni mto. Mto huo, ulioipa kaunti ya Tharaka-Nithi nusu ya jina lake, unaanzia upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ndani ya bonde lenye kuta ndefu ambalo ramani zinaliita Gorges Valley. Humo bondeni kuna ziwa, Michaelson, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Maji yakitoka ziwani hupita maporomoko ya Vivienne, halafu maporomoko ya Nithi, ndipo yaingie msituni na kuelekea mashambani na darajani.

Nimeupanda mto huo kwa miguu, na sababu yangu haikuwa afya wala picha. Nimechoka kusikia kwamba Kiswahili ni lugha ya mchanga na maji ya chumvi: kwamba kinajua majina ya pepo na ya kamba za jahazi, lakini ukikipeleka mlimani kinaishiwa na pumzi. Wanaosema hivyo huandika vitabu vya jiografia, na wakifika sura ya milima hunyoosha mkono kwenye Kiingereza, au huunganisha maneno saba wakayaita istilahi. Ziwa dogo la milimani lililochongwa na barafu. Hiyo si istilahi, ni maelezo ya istilahi inayotafutwa. Maneno yapo. Ila wao wanayatafuta kwenye nomino, na Kiswahili kimeyaweka kwenye vitenzi, na mengine kimeyasahau pwani.

Tuanze na kupanda kwenyewe. Kutoka mji wa Chogoria barabara inapita mashamba, inaingia msituni, kisha kwenye mianzi, hadi lango la hifadhi lililo karibu mita 2,950. Hapo kila mtu husema tunapanda mlima, na panda linatutosha kwa mambo yote: basi, mbegu, cheo, bei, joto. Lakini panda ni neno la wote, halina jasho. Kuna kwea, lenye jitihada ndani yake. Kuna paraga, kupanda kwa kukumbatia, mikono na magoti yakishika shina. Kuna sombera, nduguye paraga, la mtu anayejivuta juu kidogokidogo. Kuna paa, ambalo tumewaachia ndege na moshi. Mpwani hakuwa na mlima, lakini alikuwa na mnazi, na mnazi mrefu unatosha kumfundisha mtu tofauti kati ya kupanda kwa miguu na kupanda kwa mwili mzima. Juu ya ziwa Michaelson kuna mahali ambapo miguu peke yake haifai kitu. Unaweka kifua juu ya jiwe, unashika kwa viganja, goti linatafuta pa kukaa. Huko ni kuparaga. Sijasikia mtu akilitumia neno hilo kwa mwamba, lakini mwamba wenyewe hauna kipingamizi.

(Na kwa kuwa tumetaja milima: mlima mrefu kuliko yote Afrika, kwa sikio la Mswahili, unaanza na kilima, yaani mlima uliovikwa ki- ya udogo. Wataalamu wamebishana kuhusu asili ya jina Kilimanjaro kwa zaidi ya karne moja. Mlima haujapungua hata mita moja.)

Kazi za mlimani nazo zina maneno yake, na hapo sitakaa sana. Mbeba mizigo ni mpagazi, neno la misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji. Kenya watu husema pota. Kilimanjaro wenyewe hujiita wagumu, jina ninalolipenda kwa kuwa limetoka vinywani mwa wenye migongo inayouma. Mwenye matatizo ya kiistilahi ni yule anayeongoza njia. Lichukue neno la Kiingereza la kazi yake, uliswahilishe kwa kanuni za kawaida, unapata gaidi, na hakuna mgeni atakayelipa ili gaidi amfikishe mita 4,985 za Lenana. Ndiyo maana tumebaki na mwongozaji, na hata wasiojali Kiswahili sanifu hulitamka kwa uangalifu.

Maporomoko ya Nithi yako mwendo mfupi kutoka mahali ambapo barabara ya magari inakoma. Nilikaa pale kuliko nilivyopanga, kwa sababu ya neno lenyewe. Poromoka ni kitenzi cha kitu kinachoachia mahali pake na kuja chini kwa wingi na kwa uzito, bila kujizuia. Udongo huporomoka. Ukuta wa nyumba ya matope huporomoka mvua zikizidi. Shilingi huporomoka, bei ya kahawa huporomoka, hata chama cha siasa. Tone la maji haliporomoki; tone hudondoka. Embe moja huanguka. Jiwe moja hubingirika. Ili kitu kiporomoke lazima kiwe kingi, na lazima kiwe kilikuwa kimeshikana. Ndiyo sababu neno hilohilo hutumika kwa maji yanayoleta watalii na kwa ardhi inayofukia kijiji: maporomoko ya maji, maporomoko ya ardhi. Kuna wanaoona huo ni upungufu wa lugha, kwamba tungekuwa na maneno mawili kama wenzetu. Mimi naona ni usahihi. Aliyesimama chini ya Nithi mto ukiwa umejaa haoni tofauti kubwa kati ya matukio hayo mawili, ila kwamba moja halikomi.

Angalia pia wingi. Kamusi za zamani zina poromoko, umoja, kwa maana ya mahali pa mteremko mkali. Likija suala la maji, watu husema maporomoko hata mwanguko ukiwa mmoja. Mwalimu wa sarufi anaweza kunung'unika. Sikio halinung'uniki, kwa kuwa kinachoporomoka ni maji, na maji kwetu ni mengi daima. Hakuna ji moja. Tendo limeambukizwa wingi na mtendaji wake.

Ugumu unaanza pale mtu anapotaka kutofautisha. Wanajiografia wana aina za maporomoko, kila moja na jina lake, na wahariri wetu hulia kwamba sisi tunalo moja tu. Lakini tazama maji yenyewe yanavyofanya kazi pale Nithi. Mkondo mkuu unaporomoka. Pembeni yake, yaliyokosa nafasi yanachuruzika juu ya jiwe lililoota kijani. Chini ya jiwe mengine yanatona. Kwenye shimo la chini yote yanafoka, yanazunguka, halafu yanapata mlango na kutiririka. Hatua chache ukingoni kuna mengine ambayo hayakutoka juu kabisa, yanabubujika kutoka ardhini, baridi kuliko ya mtoni. Vitenzi hivi havikutungwa na kamati. Mama anayechota maji kisimani anavyo vyote. Na kila kimoja kinaweza kuzaa nomino bila kuumia: mchuruziko, mfoko, mtiririko, bubujiko. Anayetaka kutenga maji membamba yanayoshuka yakilamba mwamba na yale yanayoruka hewani bila kuligusa jiwe, aseme mchuruziko na mruko, aendelee na kazi.

Wajuzi wengine wa maporomoko wamefuata njia hiyohiyo. Wakololo wa Zambezi waliyaita yale makubwa Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno la kwanza. Livingstone alifika mwaka 1855 akayapa jina la malkia wake. Nyahururu, ambako Ewaso Narok huanguka mita 74, pana jina la Joseph Thomson aliyepita mwaka 1883, lakini mji wenyewe umebaki na jina linalohusishwa na Kimaasai, ambalo hata asiyejua maana yake husikia mvumo ndani yake. Na Vivienne? Huyo ni Vivienne de Watteville, mwandishi aliyeishi kwenye kibanda cha mlima huu mwishoni mwa miaka ya 1920, na ambaye kitabu chake, Speak to the Earth, kilitoka mwaka 1935. Sina ugomvi naye, aliupenda mlima kwa dhati. Ila jina lake halimwambii mpita njia kama maji yale yanaruka, yanalamba au yanafoka.

Kabla ya kufika Vivienne ilibidi tuingie bondeni, na hapo ndipo nilipopata somo nililolifuata. Njia hutoka kwenye mgongo wa juu (mgongo, neno zuri, mwili wa mlima ukiwa na uti wake) ikazama kwenye nyasi ndefu na changarawe zisizoshikana. Mwongozaji wangu, mzee wa Chogoria aliyeanza kazi hiyo kijana, alinitazama nikitafuta pa kukanyaga.

"Mwalimu, hapo usishuke," aliniambia. "Keti, userereke."

Nikaketi, nikaserereka. Hatua chache mbele akapaza sauti tena: "Sasa simama, huku kunateleza." Na tulipofika kwenye mtaro ambao mvua ilikuwa imeula ukingo wake, akauzunguka kwa mbali. "Huku kunaporomoka. Hata mimi sipiti."

Sidhani kama alikuwa akifikiria istilahi. Lakini katika sentensi zake kulikuwa na kipimo kamili cha hatari, ambacho nimekitafuta vitabuni bila kukipata. Ukishuka, wewe ndiye mwenye amri. Miguu inakwenda unakoiambia. Ukiteremka, ardhi inakusaidia kidogo, mwendo unaongezeka hata usipotaka. Ukiserereka, ardhi imechukua uongozi lakini wewe umekubali. Ukiteleza, hukuulizwa. Ukiporomoka, wewe na ardhi mnakwenda pamoja. Ukibingirika, hakuna tena wewe, kuna kitu tu kinachozunguka. Kila neno linasema mkono wa nani umeshika usukani. Mabango ya hifadhi nyingi nilizopita yana neno moja, tahadhari, na picha ya mtu anayeanguka. Bango lingeandika kunaserereka hapa, kunaporomoka pale, na mtoto wa darasa la nne angejua wapi acheze na wapi arudi nyuma. Hata waokoaji, wanaopokea simu yenye mawimbi mabovu, wangejua waje na nini.

Ziwa sasa. Michaelson limelala mahali ambapo bonde linajikunja, maji yake ya kijani iliyoiva, mwamba umesimama juu yake karibu mita 300 kwenda juu. Kitaalamu ni mojawapo ya yale maziwa madogo ambayo barafu ya kale iliyachimba ikayaacha, na mlima huu unayo mengi. Kiingereza kina neno fupi kwa maziwa ya namna hiyo, walilolipata kwa Waskandinavia, na wanajiografia wetu wanalionea wivu. Ndipo wanapotuletea ziwa dogo la milimani.

Kwani ziwa lina kasoro gani? Kosa letu ni kwamba tangu tuanze kusomeshwa ramani, ziwa kwetu limekuwa Viktoria na Tanganyika, maji yasiyoonekana ng'ambo, na kila lililo dogo tunaona haya kuliita hivyo bila kuliwekea kivumishi. Mswahili wa zamani hakuwa na haya hiyo. Nenda Mombasa, upande wa Kisauni, kuna mtaa unaitwa Ziwa la Ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa wanakunywa Tanganyika. Ziwa lilikuwa maji yaliyokusanyika mahali yakakaa, makubwa kwa madogo. Kama ni ya msimu ukasema dimbwi, kama yana matope na matete ukasema bwawa, kama yamezuiwa na watu ukasema lambo. Mgawanyo huo unatosha, na tena unafuata tabia ya maji, haufuati ukubwa wake. Michaelson ni ziwa. Hatuna haja ya kulipunguza. Anayetaka kusema lilivyotokea aseme ziwa la barafu, basi.

Zaidi ya hapo, ziwa ni neno la mwili. Ziwa la mama na ziwa la maji ni neno moja, na wingi wao, maziwa, ukaongezewa na kile kinywaji. Sitaki kujenga nadharia juu ya hilo. Maneno hugongana bila kuulizana. Ila aliyekaa ukingoni mwa Michaelson akaona mto unavyoanza kutoka kwake, mwembamba kiasi cha kuruka kwa hatua moja, hatashangaa. Na tusiwacheke wanaorudia maneno: Nyasa kwa Wayao ni ziwa, kwa hiyo Ziwa Nyasa ni ziwa ziwa, na tumeishi nalo vizuri tu.

Usiku pale ni baridi ya kukatisha usingizi, na baridi hiyo ina msamiati wake uliotelekezwa. Barafu tumeitoa Uajemi, theluji Uarabuni, na watu huzichanganya bila dhambi. Lakini kuna sakitu, ule umande unaoganda juu ya majani alfajiri, neno lililomo kamusini na ambalo sijalisikia kinywani mwa mtangazaji hata mmoja, ingawa wakulima wa chai wa Kericho na Nandi hupata hasara kwa sababu yake na habari zao husomwa kama baridi kali. Asubuhi nilichuchumaa mbele ya lobelia moja fupi. Mmea huo huyapanga majani yake yakawa kikombe, na kikombe hushika maji. Juu ya maji palikuwa na kioo chembamba kama ganda la yai. Nilikibonyeza kwa ncha ya kidole, kikapasuka kwa mlio mdogo, na chini yake maji yalikuwa bado maji, na ndani ya maji vidudu vidogo vikijipinda kana kwamba usiku haukuwapo. Majani ya nje, yale yanayoelekea angani, yalikuwa meupe kwa sakitu. Neno na kitu vilikuwa vimekaa pamoja, mbele ya pua yangu.

Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu kutoka Kitui mnamo Desemba 3, 1849, akaeleza kwamba una theluji, na wasomi wa London wakamcheka, kwa kuwa theluji kwenye ikweta haikuingia vitabuni mwao. Mtu huyohuyo ndiye aliyeandika kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo uhusiano kati ya mlima huu na kamusi zetu si mambo ya jana. Kwa ile barafu inayotembea taratibu kutoka kileleni tuna barafuto, barafu na mto vilivyooana, na ni istilahi nzuri: fupi, inatamkika, inaeleweka bila maelezo. Masikitiko ni kwamba imefika wakati mwenyewe anaaga. Barafuto ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote Mlima Kenya, imepungua hadi ikameguka vipande. Wanafunzi wa leo watalijua neno vizuri, watakapopanda hawatakuta mwenye jina.

Kutoka ziwani kwenda juu ni kule kuparaga nilikosema. Hewa ya urefu huo ina msukumo wa takriban asilimia 60 ya ule wa Mombasa, na hapo Kiswahili, kwa mara moja, ndicho kinachouza nje badala ya kuagiza: polepole. Wageni wa kila taifa hulisema Kilimanjaro na Kenya kama istilahi ya kitabibu, na kwa kweli ndiyo. Ukishavuka mita 3,000, ushauri wa madaktari wa milimani ni kutopandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na hilo ndilo mpagazi amekuwa akilisema kwa neno moja muda wote.

Ule mwamba uliosimama juu ya ziwa, ramani zinauita The Temple, na wengine huuita Hekalu. Kwa aina ya kitu chenyewe, jabali lililokatika wima, Kiswahili kina genge. Tatizo la genge ni umaarufu: Dar es Salaam genge ni mahali pa kununua nyanya, kwenye ujenzi ni kikosi cha vibarua, Nairobi ni muziki. Nililijaribu kwa mwongozaji, akacheka, akaniambia hapa hapauzwi mboga. Yeye husema ukuta. Kilimanjaro pia wanasema ukuta, Ukuta wa Barranco, na hapo kuna kichekesho kingine, kwa kuwa barranco ni Kihispania cha korongo. Anayesema korongo la Barranco anasema korongo la Korongo. Mimi nimekubali kushindwa kwa genge mitaani, ila kwenye wingi, magenge, ya mwambani bado yanapumua, na ningependa yaachwe yapumue.

Juu ya ukuta, karibu na vile viziwa vinavyoitwa Hall Tarns, unalala kifudifudi, unachungulia, na bonde zima liko chini yako. Kutoka ndani huwezi kuliona umbo lake. Kutoka juu unaliona, na unagundua kwamba jina lake la ramani, Gorges, yaani makorongo, limekosewa. Korongo, kwa maana ya kijiografia, ni kazi ya maji: mto hukata, hukata tena, hushuka, na kuta zinabaki zimebanana chini. Korongo la Oldupai kule Ngorongoro, lenye urefu wa kilomita 48 hivi na kina cha mita 90, ni kazi ya namna hiyo. (Oldupai ni mkonge wa porini kwa Kimaasai, Wazungu waliusikia vibaya wakaandika v, na ulimwengu ukafuata v.) Lakini bonde hili la Nithi halikukatwa na maji. Barafuto ilipita humo enzi za kale, ikalikwangua chini na pembeni, ikaacha sakafu pana, bapa, na kuta zilizosimama. Vitabu vyetu vinaandika bonde lenye umbo la U, jina linalotegemea alfabeti ya Kilatini, kana kwamba asiyejua kusoma hana haki ya kuona bonde.

Wanajiografia wa Kiingereza wanaliita bonde la aina hiyo kwa neno la chombo cha kunyweshea ng'ombe. Na chombo hicho Kiswahili kinakijua tangu zamani: hori. Kila Mkristo anayezungumza Kiswahili amelisikia Krismasi. Sakafu bapa, kuta mbili, maji chini. Hori la barafu.

Nilipomwandikia rafiki yangu mhariri wa vitabu vya shule, alijibu kwamba tusiende mbali, tufuate utaratibu. Utaratibu ninaujua: tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe Tanzania mwaka 1967, mazoea ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha kwenye lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, ndipo uvuke bahari. Ngazi ya pili imetufaa sana. Kitivo cha chuo kikuu kimetoka milima ya Upare na Usambara, ambako ni ardhi tambarare yenye rutuba, na Wachaga wametupa mfongo kwa mfereji wa kumwagilia. Lakini hori lipo ngazi ya kwanza kabisa. Sheikh Ahmed Nabhany alichimba pwani akaibuka na runinga. Mimi nimechimba palepale.

Na pwani hori lina maana nyingine, ndiyo iliyonifanya nisilale. Ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Sasa fikiria zile ghuba nyembamba za Norwe, zenye kuta za mwamba pande zote mbili, ambazo kila kitabu cha jiografia kinaeleza kwa aya nzima. Ni nini? Ni mabonde yaliyochongwa na barafuto, kisha bahari ikaingia. Hori la barafu lililogeuka hori la bahari. Neno moja linabeba chanzo na matokeo, na wavuvi wa Mombasa na wafugaji wamekuwa wakilitumia nusu nusu bila kujua kwamba nusu hizo zinakutana.

Mhariri alikaa kimya siku kadhaa. Kisha akaniuliza wingi wake. La kunyweshea ng'ombe ni hori, mahori. La bahari wengine huliweka kwenye ngeli ya N, hori hii, hori hizi. Kitabu hakiwezi kuwa na ngeli mbili kwenye ukurasa mmoja. Nimemwambia aandike mahori. Mabonde ni ya ngeli hiyo, maziwa ni ya ngeli hiyo, maporomoko vilevile, na yote hayo yamo mle ndani.